Nikikanyaga breki usiku, kioo cha nyuma kinageuka pazia jekundu. Naomba msaada kabla sijachomoa taa

Mwenye uzi, Kiamunyi Nakuru

Habari za jioni wadau. Naomba mnisomee hadi mwisho, maana jambo lenyewe ni dogo kulitaja lakini lilinitoa jasho njiani.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Kisumu, mimi, mke wangu na watoto wawili. Ahero tulipita giza likiingia, Kericho mvua ikatukuta, na tulipofika Mau Summit ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mnaoijua njia ile mnajua kinachofuata: mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, malori mbele, malori nyuma, na kila mtu mguu uko kwenye breki.

Kila nilipokanyaga breki, kioo changu chote cha nyuma kiligeuka chekundu, kana kwamba mtu ameangika kanga nyekundu ndani ya gari. Kwenye kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, nilikuwa naona wekundu tu. Nyuma yangu kulikuwa na lori, na sikuweza kujua kama liko mita hamsini au kumi. Nikiachia breki naliona, nikikanyaga linapotea. Hebu fikirini: wakati ninaotaka kabisa kujua kama aliye nyuma anapunguza mwendo ni pale ninapofunga breki, na ndio wakati huohuo simwoni. Watoto walikuwa wamelala kiti cha nyuma. Nilishuka mteremko ule moyo uko mdomoni.

Gari ni dogo la Kijapani, la buti, la mwaka 2012. Taa ya tatu ya breki iko ndani, imekaa juu ya ule ubao ulio nyuma ya viti, chini ya kioo. Miaka miwili ya kwanza sikuwa na shida hii. Balbu sijabadilisha. Mwezi wa tano niliweka tinti, lakini sijui kama inahusiana.

Jirani ameniambia nichomoe tu waya wa taa hiyo, kwamba mbili za pembeni zinatosha. Bisibisi ninayo mkononi, lakini nimeona niulize kwanza.

Mkaazi wa Lanet

Chomoa. Yangu ilikufa 2019 na sijawahi kugongwa.

Dereva wa trela, Malaba–Mombasa

Usichomoe ndugu yangu, nakuomba. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kwenye trela na taa hiyo mnayotaka kuiua ndiyo ninayoitegemea.

Mimi nakaa juu. Gari dogo likiwa karibu sana mbele yangu, kwenye foleni au pale magari yanapobanana Salgaa, taa zake za pembeni zinamezwa na ukingo wa dashibodi yangu. Inayobaki machoni ni ile ya kati. Halafu ongeza matope. Mtu ametoka shamba Kuresoi au Keringet kwa barabara ya udongo, taa za pembeni zimepakwa tope, mwanga wake ni kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Ile ya kati iko ndani ya kioo, tope haliifikii. Na kama kuna gari jingine kati yetu, mara nyingi naiona taa yako kupitia vioo vya lile gari. Naanza kupunguza kabla hata yule wa katikati hajafunga. Trela lenye mzigo halisimami kwa umbali wa gari lako, nadhani hilo unalijua.

Lingine nikuambie kama kaka. Mteremko ule usiushuke kwa breki. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, kabla gari halijashika kasi. Kama ni otomatiki, ile L, au 2, au B, yoyote iliyoandikwa kwenye gari lako, kazi yake ni hiyo. Injini ishike gari, breki uiguse kwa vipindi. Breki hazitapata moto, na kioo chako hakitakaa chekundu dakika kumi mfululizo.

Mwenye uzi

Asante sana mzee. Bisibisi nimeirudisha kwenye sanduku. Hilo la kuona taa kupitia gari la katikati sikuwa nimelifikiria kabisa.

Fundi waya, Kondele Kisumu

Omera, hiyo kazi nimeifanya mara nyingi, na karibu kila mara watu wanaanza kwa kulaumu balbu. Nikueleze taa yenyewe ilivyotengenezwa.

Taa ya tatu iliyo ndani ya gari haikutengenezwa ikae wazi. Ina kava la plastiki, na mdomo wa lile kava unatakiwa ushikane na kioo pande zote. Kwa sababu plastiki na kioo haviwezi kushikana bila kuacha mwanya, wakaweka sponji nyeusi, au raba laini, kuzunguka mdomo. Kazi ya sponji hiyo ni moja tu, mwanga ukitoka uende nje na usipate mahali pa kurudi ndani. Sasa gari la 2012 limekaa juani Japani, likaja kukaa juani huku kwetu. Ubao ule wa nyuma ndio unaopigwa na jua kuliko mahali pote ndani ya gari. Sponji inakauka, inageuka unga. Ukiigusa inabaki kwenye vidole kama masizi. Ikiisha, kunabaki mwanya wa milimita tano, kumi, na mwanga unamwagika ndani.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Subiri usiku, egesha uani pasipo na taa. Mtoto akanyage breki, au uweke kijiti cha ufagio kati ya kiti na pedali. Kaa mbele, geuza kioo cha ndani kikuelekee, ukiangalie. Halafu mtu afunike taa ya tatu kwa koti jeusi zito. Wekundu ukiondoka wote, mkosaji ni hiyo taa. Ukibaki, basi taa za pembeni zinagonga ukuta ulio nyuma au kioo kichafu, hiyo ni hadithi nyingine. Kisha ondoa koti, chukua kipande cha katoni, kizungushe polepole pembeni mwa kava, juu, kulia, kushoto, chini. Pale ambapo ukiweka katoni wekundu unapungua ndipo penye mwanya.

Uliza pia aliyekuwekea tinti kama alilifungua kava. Wengi hulifungua ili karatasi ipite, wakirudisha hawajali sponji. Wengine huacha karatasi ya tinti ikapita mbele ya taa yenyewe. Hilo ni kosa mara mbili. Mwanga unaotoka nje unapungua, na unaorudi ndani unaongezeka, hasa kama tinti ni ile inayong'aa kama kioo.

Mama Teksi, Milimani Kisumu

Mimi nitasema kidogo tu. Safisha kioo kwa ndani. Watu wanaosha nje kila siku, ndani hawagusi mwaka mzima. Kuna utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za gari zikipata joto, unaganda kwenye kioo na vumbi linaukalia. Mchana huuoni. Usiku mwanga ukiugusa kioo chote kinawaka. Abiria wangu walikuwa wakidhani nimeweka taa za disko.

Tumia maji vuguvugu yenye siki kidogo na kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu kausha kwa kingine. Kama una tinti usitumie dawa ya vioo yenye amonia, inaharibu karatasi. Na fuata zile nyaya nyembamba za kupasha kioo joto, futa kwenda kulia na kushoto, usiparuze juu na chini.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega

Fundi amesema kweli, naomba niongeze kwa nini wekundu unaenea kioo kizima wakati taa yenyewe ni ndogo kama kiganja. Hili nawafundisha kidato cha tatu na nalipenda sana.

Kioo si uwazi mtupu. Mwanga ukikigonga moja kwa moja, karibu asilimia 4 hurudi kutoka kwenye uso wa kwanza na karibu kiasi hichohicho kutoka uso wa pili. Lakini gari la buti lina kioo cha nyuma kilicholala. Mwanga ukikigonga kwa kuinama, kinachorudi huongezeka. Kwenye pembe ya digrii 60, ukipima kutoka kwenye mstari unaokigonga kioo moja kwa moja, ni karibu asilimia 9 kwa kila uso. Digrii 75, karibu robo ya mwanga inarudi kutoka uso mmoja tu. Kwa hiyo magari yenye vioo vilivyolala sana ndiyo yanayolalamikiwa zaidi.

Sasa jiulize mwanga unaorudi unaelekea wapi. Chora picha kwenye karatasi. Taa inapiga nyuma, sambamba na ardhi. Kioo kimelala, upande wa juu umeinamia mbele. Mwanga unaorudi hauji moja kwa moja kwa dereva, unatupwa chini, kwenye ule ubao. Ubao ndio unaosambaza wekundu huo kila upande, kioo kinauonyesha tena, na wewe kwenye kioo chako cha ndani unaona taswira ya ubao mwekundu imetandazwa juu ya barabara. Ndiyo maana nakuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ubao wako ni wa rangi gani, na umeweka nini juu yake?

Kuhusu kuchomoa: mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alichapisha matokeo ya kuweka taa ya ziada nyuma ya teksi za San Francisco. Teksi zile ziligongwa kutoka nyuma kwa kiasi cha asilimia 60 chini ya zile zisizokuwa nayo. Marekani ikaifanya taa ya tatu kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1986. Baadaye, kila gari lilipokuwa nayo na madereva wameizoea, tathmini ya serikali yao ya 1998 ilikuta faida imeshuka hadi asilimia 4.3. Mtu anaweza kusema 4.3 ni kidogo. Mimi nimezika mwanafunzi aliyegongwa kutoka nyuma hapo kwenye barabara ya Chavakali, siwezi kuiita kidogo.

Mwenye uzi

Mwalimu, pole sana kwa mwanafunzi wako.

Swali lako limenifanya nitoke nje na tochi sasa hivi. Ubao ni wa kijivu hafifu. Na juu yake kuna vitambaa vyeupe vya kufuma, viwili, alivyotufumia mama mkwe tulipoleta gari nyumbani. Pembeni yake kuna boksi la tishu, jeupe pia. Sikuwahi kuwaza kwamba vitambaa vinaweza kuwa na hatia.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega

Vitambaa vyeupe ni sawa na kutundika skrini ya sinema mbele ya taa. Vitoe kwa heshima yote, vipeleke sebuleni.

Mchuuzi wa maziwa, Molo

Naomba niingie hapa kwa sababu shida yangu inafanana lakini gari ni pikapu. Taa ya tatu iko juu, nyuma ya kabini, juu ya kioo. Nabeba mitungi ya alumini ya maziwa, naondoka saa kumi alfajiri giza bado. Nikifunga breki mitungi yote inawaka nyekundu na kioo changu cha ndani kinajaa. Mitungi ikiwa mitupu nimeilaza, ni afadhali. Ikiwa imesimama imejaa, sioni chochote. Nifanyeje, na sponji huku haihusiki?

Fundi waya, Kondele Kisumu

Mzee wa maziwa, kwako mwanga unatoka nje vizuri, unakutana na mitungi inayong'aa, unarudi. Taa haina kosa. Funika mitungi kwa turubai la rangi nyeusi au kijani kizito lisilong'aa, lifike usawa wa shingo za mitungi zile za mbele. Usitumie yale ya fedha yanayong'aa, hayo utakuwa umehama kutoka mtungi hadi mtungi. Na mzigo usipande ukaziba taa yenyewe, maana wa nyuma pia anaihitaji.

Kijana wa Njoro

Mimi niliweka balbu ya LED yenye nguvu kwenye taa ya tatu ili nionekane vizuri. Kioo changu pia kinawaka sana. Ni sponji au ni balbu?

Fundi waya, Kondele Kisumu

Kwako anza na balbu. Nyumba ya taa ilichorwa kwa balbu ya waya unaowaka mahali pamoja, na kioo cha ndani ya taa kinaukusanya mwanga kutoka mahali pale. Hizi LED za kuchomeka zina vipande vinavyopiga kando pande zote, kwa hiyo mwanga unakwenda mahali ambapo mtengenezaji hakuukusudia, ukiwemo mwanya wa nyuma ya kava. Ukiongeza nguvu mara tatu umeongeza na uvujaji mara tatu. Rudisha balbu ya wati zilizoandikwa kwenye nyumba ya taa. Zingine ni wati 5, zingine 16, zingine 21. Ile ya wati 21 ukiiweka mahali pa wati 5 itayeyusha plastiki.

Na zile zinazopepesa kama taa za harusi, tafadhali toeni. Usiku wa mvua wa nyuma hajui kama umefunga breki au una hitilafu ya waya.

Kitu kingine nakutana nacho hapa gereji kila wiki. Taa za pembeni za magari mengi hutumia balbu moja yenye waya mbili, wati 21 za breki na wati 5 za usiku. Mtu akiilazimisha kinyume, au akiweka balbu isiyo ya pale, taa ya usiku inawaka kwa nguvu ya breki muda wote. Wewe mwenyewe huoni kitu, lakini aliye nyuma yako anaumia macho kutoka Kisumu hadi Kericho, na ukifunga breki kweli hajui. Kila mmoja wetu awashe taa leo usiku, azunguke nyuma ya gari, mtu akanyage breki. Ukikosa kuona tofauti kubwa, rekebisha.

Mkaazi wa Lanet

Mimi niliyesema chomoa nimesoma yote. Kesho nanunua balbu. Lakini swali: kile kijiti kilicho chini ya kioo cha ndani, cha kubadilisha kioo kiwe cha usiku, si kingetosha kumaliza shida ya mwenye uzi? Mimi nakitumia kila siku.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega

Kijiti kile ni kizuri kwa taa fulu za aliye nyuma. Kioo cha ndani kimechongwa kama kabari. Mchana unatazama uso wa nyuma uliopakwa fedha, usiku ukivuta kijiti unatazama uso wa mbele usiopakwa kitu, ambao hurudisha zile asilimia 4 nilizotaja. Kwa hiyo kila kitu kinafifia kwa pamoja, wekundu na lori pia. Shida ya mwenye uzi ni kwamba wekundu umelifunika lori. Ukififisha vyote viwili kwa kipimo kimoja, lori linabaki limefunikwa vilevile, na sasa ni hafifu zaidi.

Muuguzi wa zamu ya usiku, Nakuru

Nimesoma mahali kwamba mwanga mwekundu hauharibu macho usiku. Kama ni hivyo kwa nini tunahangaika?

Mwalimu wa fizikia, Kakamega

Ni kweli seli za jicho zinazotuwezesha kuona gizani haziathiriwi sana na nyekundu. Ukizima taa nyekundu macho yako hayachelewi kurudi kama ulivyotazama taa nyeupe. Lakini mwenye uzi hakusema macho yake yanachelewa. Alisema akiachia breki analiona lori mara moja. Shida yake ni pazia linaloshuka wakati breki imekanyagwa, na pazia halijali kama jicho limezoea giza.

Mwenye uzi

Narudi na matokeo ya majaribio. Nimeyafanya jana usiku uani, binti yangu wa darasa la saba akiwa kwenye breki.

Nilipofunika taa kwa koti, wekundu wote uliondoka. Basi ni taa ya tatu, hakuna shaka. Nikaondoa vitambaa na boksi la tishu, koti likiwa pembeni. Wekundu ulipungua sana, naweza kusema nusu, lakini uliobaki ulikuwa bado unatosha kuficha gari la jirani lililoegeshwa nyuma. Nikazungusha katoni kama fundi alivyosema. Juu hapakuwa na tofauti. Kulia kidogo. Chini na kushoto, katoni ikifika pale, kioo kinatulia kabisa.

Leo asubuhi nimelifungua kava. Kwenye gari langu limeshikwa na klipu mbili, unalivuta kuelekea mbele ya gari. Sponji ya juu ipo. Ya kushoto imebaki vipande. Ya chini haipo kabisa, kuna unga mweusi tu. Na tinti, ndugu zangu, imepita mbele ya taa nzima. Kumbe tangu mwezi wa tano nimekuwa nikifunga breki nyuma ya karatasi nyeusi na sikujua. Hili limeniuma kuliko wekundu wenyewe, kwa sababu wekundu nilikuwa nauona mimi, lakini kufifia kwa taa alikuwa anakuona mwingine.

Dereva wa trela, Malaba–Mombasa

Hiyo tinti iondoe kabla ya safari nyingine. Mengine yanaweza kusubiri wikendi, hiyo isisubiri.

Fundi waya, Kondele Kisumu

Naunga mkono. Lakini usikwangue kwa wembe. Zile nyaya za kupasha kioo ni nyembamba kama rangi, wembe ukipita zinakatika na haziungiki kirahisi. Mpelekee anayejua kazi ya tinti, alowanishe kwa maji ya sabuni, apashe joto, akate mstatili wa mbele ya taa tu na kuuvuta taratibu.

Sponji usiweke ile ya godoro. Hiyo inanyonya unyevu na haizuii mwanga ikibanwa kidogo. Nunua ile raba laini yenye gundi nyuma, ya kuzibia milango, duka lolote la vifaa vya ujenzi wanayo. Iwe nyeusi, isiyong'aa. Pima mwanya, kisha chukua unene unaozidi mwanya kidogo ili ikibanwa ijae. Ikiwa nene mno kava halitaingia kwenye klipu, na ukilazimisha klipu zitavunjika. Ibandike kwenye mdomo wa kava, kwa nje. Ndani ya nyumba ya taa usijaze chochote, wala usipake rangi nyeusi. Balbu inahitaji hewa, na ule weupe wa ndani ndio unaosukuma mwanga nje.

Mama Teksi, Milimani Kisumu

Safisha kioo kabla ya kubandika, ukishabandika hutafika pale tena.

Mwenye uzi

Kazi imekamilika. Naandika kwa kirefu ili mwingine mwenye shida hii asihangaike.

Tinti ya mbele ya taa imetolewa na kijana mmoja wa huku mjini, nusu saa. Nyaya za kioo ziko salama. Raba nimenunua mkanda mmoja kwa shilingi 280, nimetumia chini ya nusu. Mwanya wangu chini ulikuwa milimita 7, nikachukua raba ya milimita 10. Mara ya kwanza niliibandika vipande vinne, kwenye pembe pakabaki nafasi ndogo na mstari mwekundu ukawa unatokeza pale kama sindano. Nikaitoa, nikabandika mkanda mmoja unaozunguka, nikauunganishia juu ambako hapakuwa na shida. Ikanyamaza. Kwenye ubao nimetandika kitambaa cheusi kizito cha sufu, nimekikata kwa umbo lake, kisifunike kava wala spika. Mama mkwe nimemweleza mwenyewe kwa simu. Amesema atafuma vingine, vyeusi.

Kioo nimekisafisha mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai.

Usiku binti akakanyaga breki. Nilikaa kando yake, kioo cha ndani nimekigeuzia kwangu, nikamwambia akanyage, akasema ameshakanyaga. Nilitazama kioo cha ndani sikuona mabadiliko yoyote, nikashuka kwenda nyuma kuhakikisha taa inawaka. Inawaka, tena kali kuliko nilivyokuwa nimeizoea.

Kijana wa Njoro

Nimerudisha balbu ya kawaida. Kioo kimetulia kwa sehemu kubwa. Kava nitafungua Jumamosi.

Mwenye steshen wagoni, Mbale Vihiga

Yangu taa iko nje, kwenye bawa la juu ya mlango wa nyuma. Mvua ikinyesha matone kwenye kioo yote yanakuwa mekundu. Kuna raba ya kuweka?

Fundi waya, Kondele Kisumu

Hapana. Hapo mwanga unashukia matone kwa nje. Badilisha raba ya waipa ya nyuma ikiwa imekauka, kioo kiwe safi ili maji yateremke yasikae matone matone. Angalia pia kama kioo cha taa chenyewe kimepasuka kwa chini.

Mchuuzi wa maziwa, Molo

Turubai la kijani nimefunga tangu Jumatano. Leo alfajiri nimeona taa za matatu iliyokuwa nyuma yangu kutoka Turi hadi mjini, breki nikiwa nimekanyaga. Asanteni.

Mwenye uzi

Nimesafiri Ijumaa kwenda Kisumu na nimerudi leo usiku. Mau Summit niliingiza gia ndogo kama mzee wa trela alivyonielekeza, na Sachangwan nilipolazimika kufunga breki, mvua ikinyesha, nilitazama nyuma. Kulikuwa na lori. Niliziona taa zake mbili, na kati yake nikaona dereva amewasha taa ya kabini akipokea tikiti au chai kutoka kwa utingo wake. Alikuwa mbali vya kutosha. Nikaachia breki nikaendelea kushuka.

Dereva wa trela, Malaba–Mombasa

Karibu nyumbani.